Mikono Iliyohesabu Wawili

Asubuhi Leonida alipoingizwa chumba cha upasuaji, nyumbani kwetu Katubuka vitu vyote vilikuwa vimeshanunuliwa viwili viwili. Nyungo mbili, vibuyu viwili, mabeseni mawili ya kuogeshea, kanga doti mbili za rangi moja. Majina nayo yalikuwa tayari, maana kwetu Waha mapacha hawatafutiwi majina: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, basi. Na aliyeutuma ukoo mzima sokoni Mwanga ni mimi, Veneranda, mama mkwe wake. Nilimshika tumbo mimba ikiwa na miezi mitatu na nusu, nikasema, "Hawa ni wawili." Nilipokuwa nikisema mimi, watu hawakuuliza tena.

Nilizalisha wanawake tangu nikiwa msichana upande wa Kasulu, nikaendelea nilipohamia mjini. Serikali ilipotukataza kuzalishia majumbani nilitii kwa shingo upande, lakini kushika tumbo hakuna aliyenizuia. Wajawazito walikuja na mafungu yao ya dagaa, wanalala kwenye mkeka wangu, nawaambia kichwa kipo wapi na miguu ipo wapi. Wakienda kupima kwa mashine, mashine inasema yaleyale. Watu wakanisifu, nami nikazizoea sifa. Nisijitetee: nilikuwa na majivuno, tena mengi.

Leonida ni mke wa mwanangu Marcel, anayefanya kazi bandarini. Walikuwa na miaka tisa ya ndoa na mimba tatu zilizotoka. Ya kwanza ilitoka miezi minne, ya pili mitano. Ya tatu ilifika sita, mtoto akavuta pumzi kidogo akakata roho. Mimi nilimchemshia dawa, nikamkanda tumbo mpaka anang'ata kanga kwa maumivu, na dawa ziliposhindwa nikamrushia maneno ambayo leo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze. Nilimuuliza amekanyaga nini. Nilimuuliza kwao wamefanya nini.

Baada ya mume wangu kufariki, mkubwa wa ukoo alibaki shemeji yangu, Mzee Bonaventura. Yeye alishatamka kwamba mimba hii ya nne ndiyo ya mwisho kusubiriwa. Ikitoka, Marcel ataoa mwingine.

Sasa mnaelewa kwa nini nilifurahi mikono yangu iliposhika vitu viwili. Mapacha wangewafunga watu midomo kwa miaka yote tisa. Leonida alipokwenda kliniki akarudi na karatasi, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kwenye mashine wameona mmoja," nilicheka. Nikamwambia Butoyi hujificha nyuma ya mkubwa wake, na kwamba mashine ina macho lakini haina vidole. Maneno hayo yalipendwa sana. Nilisikia yakirudiwa mpaka kwenye bomba la maji.

Mwezi wa nane chupa ikapasuka kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa amekaa kitako, wakaamua kumpasua. Mchana, nesi akatoka na kifurushi kimoja.

"Hongereni. Wa kiume, kilo mbili na robo."

"Na wa pili?" nikauliza.

"Wa pili yupi, bibi?"

Niliwafanyia fujo. Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakatoka kuchungulia. Nilisema nimemshika mtoto yule kwa vidole hivi kwa zaidi ya miezi minne, na kwamba sitoki pale bila yeye. Mzee Bonaventura alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Alingoja nichoke, kisha akasema taratibu, "Kama hospitali hawakumwiba, basi mama yake amemla."

Hakuna aliyemjibu. Hata mimi.

Siku ya tatu ilipita Marcel hajaingia wodini kumwona mkewe. Alikuwa anaacha uji mlangoni na kuondoka. Mzee Bonaventura alitangaza kwamba Jumamosi ukoo utakaa. Ikithibitika kwamba amemla mtoto, Leonida atarudishwa kwao Kasulu na kidonda chake, mtoto atabaki, maana mtoto ni wa ukoo. Na wa kuthibitisha nilikuwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyehesabu.

Siku ya Jumatano daktari akaniita. Alikuwa binti mdogo tu, Daktari Elinipa, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Kilimanjaro. Nilikwenda nimekunja uso, nikijua nakwenda kutukanwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Nimeambiwa umezalisha wengi. Nionyeshe kwenye tumbo lako mwenyewe ulishika nini, na wapi."

Sikulitegemea swali hilo. Nikamwonyesha. Huku kulia, mtoto mkubwa, kichwa juu karibu na mbavu. Huku kushoto chini, kitu cha mviringo, kigumu kidogo, kinachokua polepole.

"Hicho cha kushoto kilikuwa kinacheza?"

"Hakikucheza. Nikasema huyu ni mpole."

Hakucheka. "Bibi, ulishika kitu cha kweli. Kilikuwepo, nimekiona kwa macho yangu nilipompasua. Lakini hakikuwa mtoto."

Akageuza karatasi akachora. Akasema kizazi cha wanawake wengi kina umbo la parachichi lililogeuzwa kichwa chini, ndani chumba kimoja. Cha Leonida kimegawanyika upande wa juu, kama muhogo uliotoa miguu miwili kwenye shina moja. Mtoto alikulia mguu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mtupu, ila mimba ikiingia mwili hautofautishi, nao ukanenepa kama mwenzake.

"Nani alimfanyia hivyo?"

"Hakuna mtu. Alizaliwa nacho. Mtoto wa kike akiwa bado anaumbwa tumboni, kizazi chake huanza kama mirija miwili, kisha huungana kuwa kimoja. Chake hakikumaliza kuungana."

Nikauliza lile nililokuwa naliogopa. "Na zile tatu?"

"Siwezi kuapa, lakini inaelekea ni hilo. Nafasi ni ndogo. Wapo wenye kizazi kama hiki wanaozaa bila shida na wala hawajui. Wapo wanaopoteza mara nyingi. Na wengi watoto wao hukaa vibaya, huzaliwa kabla ya siku. Tutampima na figo, kwa sababu huumbwa wakati mmoja na kizazi. Mimba nyingine aje mapema, tumfuatilie tangu mwanzo."

"Dawa zangu je?"

"Hazikumsaidia, bibi. Na kumkanda tumbo kungeweza kumdhuru. Usimkande tena, yeye wala mwingine."

Binti yule hakupaka maneno asali, na nikamheshimu kwa hilo. Nilipoinuka nikauliza, kama mtu anayeuliza njia tu, "Wanawake wa namna hii ni wengi?"

"Si wengi, lakini wapo. Wewe umezalisha wangapi?"

"Mamia. Sijui."

"Basi lazima umewahi kumshika mwingine."

Nilikaa tena kwenye kiti, daktari akadhani ni shinikizo la damu, akaita mtu alete kipimo. Haikuwa shinikizo. Nilikuwa nimemkumbuka Catherine.

Ilikuwa mwaka themanini na nane, nikiwa bado nimepanga Buzebazeba. Catherine alikuwa jirani yangu, miaka ishirini na miwili, mimba mbili zimeshatoka. Ya tatu akaja kwangu. Alikuwa ameshachagua jina, Alphonce, la kaka yake. Nilimshika nikamwambia, "Jina hilo liweke kando. Ni wawili, na mapacha wana majina yao." Akafurahi mpaka akalia. Upande wa mume wakaanza kununua vitu viwili viwili.

Alijifungulia mkononi mwangu, mchana, kwenye mkeka. Alikuja mtoto mmoja, miguu mbele. Nikangoja. Kondo likatoka, nikangoja tena, nikaingiza mkono, hakuna. Chumbani walikuwemo wanawake sita wa upande wa mume, na wote walikuwa wananitazama mimi. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu: nimekosea. Badala yake nikasema, "Walikuwa wawili. Nilimshika." Kisha nikamgeuzia macho Catherine.

Sikusema amemla. Sijawahi kusema, na kwa miaka yote hiyo nimejifariji kwa hilo. Lakini kila aliyekuwemo mle aliona nilikotazama.

Hazikupita wiki tatu wakamfukuza, maziwa yanamchuruzika kwenye gauni. Mtoto akabaki, akalelewa na bibi yake kwa maziwa ya ng'ombe, akaitwa Bukuru. Catherine hakuolewa tena. Nani angemchukua? Alianza kukaanga maandazi palepale Buzebazeba, na anakaanga mpaka leo. Tukikutana hanisalimii, nami nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ana kiburi.

Alhamisi Leonida aliruhusiwa. Jumamosi ukoo ukakaa uani kwetu, baada ya chakula cha mchana, yeye akiwa chumbani na mtoto. Mzee Bonaventura hakupoteza muda.

"Shemeji, wewe ndiye uliyeshika. Tuambie. Walikuwa wangapi?"

Swali lilikuwa lilelile, na macho yalikuwa yaleyale.

"Mmoja," nikasema.

"Umetuambia wawili miezi yote hii."

"Nilikosea."

"Mikono yako haijawahi kukosea."

"Imekosea, shemeji. Na si mara ya kwanza."

Nikaitoa karatasi ya daktari, nikaeleza muhogo wa miguu miwili, nikaeleza kwamba Leonida alizaliwa hivyo na hajala mtu wala kukanyaga kitu. Nikasema kwamba zile mimba tatu tulizomsema nazo, mimi mbele ya wote, hazikuwa kosa lake. Halafu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikawaeleza ya Catherine mpaka mwisho. Mzee Bonaventura aliitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena, akasema, "Basi mkutano umeisha," kwa sauti ya mtu aliyekosa pa kushika. Marcel alikuwa amefunika uso kwa mikono. Mwanangu alikuwa na aibu, na alistahili kuwa nayo.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Leonida alisimama pale, mkono mmoja umeshika kidonda. Nilidhani atanishukuru. Mtu mjinga huwa hakosi matumaini.

"Mama," akasema, "huyo Catherine umeshamwambia?"

"Bado."

"Sasa sisi unatuambia ya nini?"

Akarudi ndani. Jioni ile alimwambia Marcel kwamba mtoto haitwi Bukuru. Anaitwa Selestini, jina la baba yake Leonida. Hakuna aliyepinga.

Jumatatu asubuhi nilipanda bajaji mpaka Buzebazeba. Catherine alikuwa uani kwake, anageuza maandazi. Nikasimama nje ya uzio wa matete, nikapiga makofi kama adabu ya kwetu inavyotaka, nikamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye." Hakuitikia. Alinitazama mara moja akarudi kwenye karai.

Nikasema palepale, nimesimama, kwa kuwa hakunikaribisha. Nilisema yote, tangu mkeka ule mpaka karatasi ile. Nilipomaliza nikamnyooshea karatasi. Aliifuta mikono kwenye kanga, akaipokea, akauangalia mchoro kitambo kirefu.

"Kwa hiyo na mimi nipo hivi," akasema.

"Nadhani. Ukitaka nitakupeleka kwa daktari."

"Nina miaka hamsini na nane, Veneranda. Daktari ataniambia nini?" Akanirudishia. "Na wewe unadhani umeniletea habari. Mimi nilijua alikuwa mmoja. Alikuwa anapiga upande wa kulia tu. Miezi yote ile, upande wa kulia tu. Ulinishika tumbo mara ngapi?"

"Nyingi."

"Uliwahi kuniuliza?"

Sikuwahi. Si yeye, si Leonida, si yeyote kati ya mamia wale. Niliuliza tumbo, sikumuuliza mwenye tumbo. Nililia mbele yake, nikiwa mtu mzima mwenye mvi, na hakuninyamazisha.

"Usiniombe radhi mimi," akasema, akiongeza kuni. "Nenda kwa yule anayevuka barabara akiniona."

Bukuru, mwanawe, ni fundi wa mashine za boti, Kibirizi. Ana miaka thelathini na sita. Kila Krismasi huniletea samaki wa ziwani, migebuka, nyumbani, mizuri ya kuchagua, kwa sababu, anasema, mimi ndiye mtu wa kwanza kumgusa duniani. Nimekuwa nikiila migebuka ile. Nilimkuta ufukweni ameinamia mashine, dagaa wameanikwa mpaka karibu na miguu yake, na akaniona kabla sijajiandaa.

"Shikamoo bibi! Leo umetufuata ziwani?"

"Marahaba. Acha kazi kidogo, baba. Nimekuja kukwambia jambo baya nililolifanya."

Alisikiliza huku anafuta spana kwa kitambaa. Nilipofika pale niliposema "walikuwa wawili" mkono ukasimama. Niliendelea mpaka mwisho. Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa walipita, wakatusalimia, hatukuwajibu.

"Butoyi hakuwepo?" akauliza.

"Hakuwepo kabisa."

"Mwanangu wa kwanza nimemwita Butoyi. Ili asipotee." Akaigeuza spana mkononi. "Nikiwa darasa la nne mama alinifuata shuleni na maandazi kwenye mfuko wa rambo. Niliyatupa mbele yake. Bibi aliyenilea alikuwa ameniambia nisile chochote kutoka kwake, kwa kuwa anajua ladha ya ndugu yangu."

Aliweka chini spana. Akaenda majini, akachota mchanga, akasugua mikono yenye oili. Alisugua muda mrefu kupita kiasi, mpaka nikadhani hatarudi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Tangulia wewe," akasema. "Nisipokuona mbele yangu nitageuka."

Tukaenda, mimi mbele, yeye nyuma. Kutoka pale mpaka kwa mama yake si mbali. Watu huenda na kurudi kila siku. Tulipofika, Catherine alikuwa ameshauza, anasugua karai kwa majivu. Aliniona mimi kwanza, akakunja uso. Kisha akaona aliyekuwa nyuma yangu. Karai likamponyoka.

"Shikamoo," akasema Bukuru.

Catherine aliingia ndani, na kwa muda ule tuliokuwa tumesimama nilimsikia fundi yule mkubwa akihema kama aliyepanda mlima. Catherine akatoka na kigoda. Akakipangusa kwa kanga yake, akapangusa mara ya pili ingawa kilikuwa safi, akakiweka karibu na jiko.

"Kaa, Alphonce," akasema.

Bukuru aligeuka kutazama anayeitwa. Nyuma yake nilikuwa mimi tu. Kisha akaelewa, au hakuelewa, lakini alikwenda akakaa, na mama yake akamwekea kiganja juu ya kichwa akakiacha hapo.

Kigoda kilikuwa kimoja. Mimi nilibaki nimesimama, na sikuona kwamba nimeonewa.